Ukibonyeza "Pakua", faili linatoka wapi? Maelezo kuhusu risiti, fomu na orodha za mtandaoni

Wasikilizaji wetu wa Ruaha, Kidodi, Ruhembe, Mikumi na Kilosa mjini, siku hizi karatasi nyingi tunazozihitaji hazipatikani tena dirishani kwa karani. Tiketi ya treni ya SGR inayosimama Kilosa, fomu ya mkopo wa chuo, risiti ya malipo ya serikali, taarifa ya mauzo ya miwa: vyote vinaweza kuja kwenye simu kama faili. Unabonyeza neno "Pakua", unasubiri kidogo, faili linashuka, kisha unalipeleka steshenari likaprintiwe.

Likishuka salama hakuna anayejiuliza limetoka wapi. Maswali huanza pale linapogoma kufunguka, linapokuja na jina la mtu mwingine, au namba ya simu inapopungua tarakimu moja na malipo yakakwama. Katika makala haya tunaeleza faili hilo linavyotengenezwa, hasa kwenye tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Tunaeleza pia mahali linapoharibikia na unachoweza kufanya ukiwa na simu yako tu.

Kwa ufupi

- Mafaili mengi unayopakua hayakuwepo kabla hujabonyeza. Hutengenezwa papo hapo kwa ajili yako.
- PDF ni ya kusoma na kuprinti. Excel na CSV ni za orodha na hesabu.
- Orodha ikifunguliwa vibaya, namba za simu na namba za NIDA huharibika.
- Risiti au fomu haiji kwa faili lenye mwisho wa .apk. Hiyo ni programu, si karatasi.

Chapati ya kabatini na chipsi mayai

Ukienda kwa mama lishe pale stendi ya Mikumi utakuta vyakula vya namna mbili. Chapati zimekaa kwenye kabati la kioo, kila mteja anapewa iliyopo. Chipsi mayai hukaangwa ukishaagiza, na unasema mwenyewe kama unataka mayai mawili au matatu.

Mafaili ya mtandaoni ni hivyo hivyo. Fomu tupu ya maombi ni chapati ya kabatini: imewekwa kwenye kompyuta kuu ya ofisi, yaani seva, na kila anayeomba anapewa ile ile. Risiti yenye jina lako, tarehe na kiasi ulicholipa ni chipsi mayai. Haikuwepo. Programu imesoma taarifa zako, ikaziandika kwenye karatasi ya kompyuta, ikakutumia.

Tofauti hii ina maana kwako. Faili lililokuwepo likikatika njiani, simu mara nyingi huweza kuendelea pale lilipoishia. Faili linalotengenezwa papo hapo likikatika, mara nyingi kazi huanza upya tangu mwanzo, na bando lako linaliwa mara ya pili.

Python ni nini?

Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Jina lake halitokani na chatu, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Ni ya bure, na amri zake zinasomeka kirahisi kuliko lugha nyingine nyingi, ndiyo maana wanaoanza kujifunza huanzia hapo.

Kwa kutengeneza tovuti, watumiaji wa Python wana vifaa viwili vinavyojulikana zaidi. Django ilizaliwa katika ofisi ya gazeti kwenye mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Flask, ambayo ni nyepesi zaidi, ilitolewa mwaka 2010 na Armin Ronacher wa Austria.

Huenda umeshakutana na programu hizi bila kujua. KoboToolbox, inayotumiwa na mashirika mengi ya misaada na watafiti Afrika Mashariki, ina Django ndani yake. Ona, kampuni yenye ofisi Nairobi, nayo hutumia Django. Zote mbili zilichukua msingi kutoka programu ya formhub iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. CommCare, inayotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii katika nchi nyingi ikiwemo Tanzania, nayo sehemu yake ya seva imejengwa kwa Python.

Kazi yao inafanana. Mtu anapita nyumba kwa nyumba au shamba kwa shamba na simu, anajaza majibu hata pasipo na mtandao, na akifika penye mtandao anayatuma. Mwisho wa yote ofisi inabonyeza "Pakua" na kupata jedwali la majibu yote. Kwa hiyo mtu akija kuhesabu mashamba yaliyofurika au kaya zenye watoto chini ya miaka mitano, jina lako litaishia kwenye faili la aina hii.

Hatua tano za faili

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha wakulima wa miwa huku Ruaha kina tovuti. Mkulima anataka taarifa yake ya msimu: tani alizopeleka kiwandani, kiwango cha sukari kwenye miwa yake, makato ya uvunaji na usafirishaji, na kilichobaki. Anabonyeza "Pakua taarifa".

*Kwanza, ombi.* Simu inatuma ujumbe mfupi kwenda seva: naomba taarifa ya msimu huu.

*Pili, utambulisho.* Programu inauliza: huyu ni nani, na ana haki ya kuona taarifa hii? Ndiyo sababu ya kuingia kwa neno la siri kwanza. Hatua hii ikirukwa, yeyote anaweza kuchukua taarifa za yeyote.

*Tatu, kusoma.* Programu inafungua hifadhidata, mfano wa daftari kubwa la ofisi, na kuchomoa mistari inayomhusu mkulima huyo tu.

*Nne, kuunda.* Taarifa zinapangwa kwenye umbo la faili. Kama ni PDF, wengi hutumia kifaa kiitwacho ReportLab au WeasyPrint. Kama ni jedwali la Excel, hutumia openpyxl. Kama ni CSV, Python ina kifaa chake tayari ndani.

*Tano, kutuma.* Faili linarudi kwenye simu likiwa na maelezo juu yake, kama anwani juu ya bahasha. Maelezo muhimu ni matatu: ni faili la aina gani, lina jina gani, na lina ukubwa gani.

Maelezo haya matatu yanajibu maswali mengi tunayoulizwa. Aina ikikosewa, simu haijui ifungue kwa programu ipi, au inamwaga herufi zisizosomeka kwenye kioo. Jina likikosekana, faili linashuka likiitwa "download" tu, na ukishapakua matano huwezi kujua lipi ni lipi. Ukubwa usipotajwa, simu haiwezi kuonyesha asilimia. Unaona alama inazunguka tu na hujui kama kazi imefika nusu au imekwama.

Kwa nini faili langu lina jina la mwingine?

Hili ni kosa la mtengenezaji, si la simu yako. Hutokea hivi. Programu inaandika kila taarifa kwenye seva kwa jina moja lile lile, tuseme taarifa.pdf, kisha inalituma. Akibonyeza mtu mmoja peke yake, hakuna tatizo. Lakini siku ya malipo watu arobaini wanabonyeza kwa pamoja. Taarifa ya Asha imeandikwa, na kabla haijatumwa ya Juma imeandikwa juu yake. Asha anapokea makato ya Juma.

Fikiria karani mmoja mwenye ubao mmoja wa chaki, akiandikia kila mteja hesabu yake hapo hapo huku wengine wanasukumana dirishani. Dawa ni kumpa kila mteja karatasi yake. Kwenye Python faili linaweza kuundwa ndani ya kumbukumbu ya muda ya seva bila kuandikwa kwenye diski kabisa, na kila ombi likawa na nafasi yake. Kwa faili dogo kama risiti, hiyo ndiyo njia nzuri.

Ikikutokea, usilisambaze faili hilo kwenye kundi la WhatsApp kuonyesha kosa. Ndani yake mna hesabu za mwenzako. Lihifadhi, andika siku na saa uliyopakua, wapelekee ofisi husika, kisha lifute. Saa ni muhimu, kwa sababu mtaalamu ataitumia kutafuta kwenye kumbukumbu za seva nani wengine walibonyeza wakati huo.

Namba zinazopotea kwenye orodha

Hapa ndipo fedha za watu hukwama, kwa hiyo tuende polepole.

PDF ni kama picha ya karatasi. Ilibuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa. Kilichoandikwa kinabaki kilivyo. Lakini orodha za malipo na orodha za wanachama huwa hazitolewi kwa PDF, kwa sababu ofisi inataka kuhesabu na kupanga. Hutolewa kwa Excel au CSV.

CSV ni maandishi matupu. Kila mtu ana mstari wake, na kati ya jina, simu na kiasi kuna alama ya mkato. Tovuti nyingine, kama KoboToolbox, huweka nukta mkato badala yake. Ni faili jepesi sana na linafaa penye mtandao dhaifu. Shida ni kwamba halisemi kipi ni namba ya kuhesabu na kipi ni maandishi. Excel ikilifungua, inabahatisha.

*Namba ya simu.* Namba zetu huanza na sifuri. Excel ikidhani ni hesabu, inaondoa sifuri ya mwanzo, maana kwenye hesabu haina thamani. Namba ya tarakimu 10 inabaki na 9. Orodha ikipelekwa kulipwa, mfumo unaweza kuikataa.

*Namba ya NIDA.* Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Excel ikiichukua kama hesabu hutunza tarakimu 15 tu kwa usahihi. Tano za mwisho zinageuka kuwa sifuri. Faili likishahifadhiwa hivyo, namba halisi haipo tena ndani yake, huwezi kuirudisha kwa kupanua safu. Mapacha walioandikishwa pamoja wanaweza hata kuonekana na namba moja.

*Tarehe.* Sisi tukiandika 03/07/2024 tunamaanisha tarehe 3 Julai. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma Machi 7. Mazao ya Julai yanahamia Machi, na mwezi wa mauzo unaonekana mtupu.

Basi kama wewe ni katibu wa kikundi, mhasibu wa chama au mtendaji, fuata haya:

1. Usifungue CSV ya malipo kwa kuibonyeza moja kwa moja. Fungua Excel kwanza, tumia sehemu ya kuingiza data, na uchague safu za simu na NIDA zisomwe kama maandishi.
2. Tunza faili la asili kama lilivyoshuka, bila kuligusa. Fanyia kazi nakala.
3. Kabla ya kutuma, kagua watu watatu: wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Hesabu tarakimu za simu, ziwe 10. Hesabu za NIDA, ziwe 20.
4. Ukiona namba imeandikwa na herufi E katikati, mfano 1.99E+19, simama hapo. Usibonyeze kuhifadhi.

Mtengenezaji naye ana sehemu yake. Akitoa faili la Excel badala ya CSV, na akaandika simu na NIDA kama maandishi, tatizo hili linaisha kabisa. KoboToolbox inapotoa Excel humpa mtumiaji chaguo kama tarehe na namba zihifadhiwe kama namba au la. Anayejenga mfumo wa chama chenu anaweza kuamua hivyo kwa safu moja moja.

Faili kubwa na mtandao wa milimani

Taarifa ya mtu mmoja hutengenezwa chini ya sekunde chache. Orodha ya kijiji kizima yenye picha za mashamba ni jambo jingine. Seva nyingi zimewekewa kikomo cha muda, na ombi likizidi hukatwa. Mtu anaona ujumbe wa kosa, anabonyeza tena, na tena. Kila bonyezo linaanzisha kazi mpya, seva inazidi kulemewa.

Njia nzuri ni ya foleni. Tovuti inapokea ombi, inakuambia "linaandaliwa", kisha inaliweka kazini nyuma ya pazia. Likikamilika unapewa linki. KoboToolbox hufanya hivyo.

Mfano mwingine unaotufaa huku ni tovuti ya kutoa ramani ya Humanitarian OpenStreetMap Team, nayo imeandikwa kwa Python. Unachora kisanduku juu ya eneo, tuseme toka Kilosa mjini hadi Ruaha, unachagua aina ya faili, unasubiri. Likiwa tayari unapata taarifa kwa barua pepe. Faili hilo likiwa la aina inayosomwa na programu ya ramani kama OsmAnd, linafanya kazi bila mtandao. Wilaya yetu inakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi. Siku kama hizo mtandao unaweza kukatika mapema. Ramani iliyopakuliwa mapema inabaki kwenye simu ya kiongozi wa kijiji.

Kwa hiyo: ukiona "linaandaliwa", subiri, usibonyeze tena. Faili kubwa lipakue ukiwa penye mtandao imara. Na tazama ukubwa: risiti ya ukurasa mmoja wa maandishi mara nyingi haifiki hata MB 1. Ikija ya MB 30, jiulize kuna nini ndani.

Linki inayobashirika

Baadhi ya tovuti hutoa faili kwa linki inayoishia na namba, mfano taarifa/105. Mwenye udadisi anaandika 106, na akapata taarifa ya jirani. Hapo ile hatua ya pili, ya utambulisho, imefanywa mlangoni tu na ikasahaulika ndani. Kila ombi la faili lazima liulizwe upya: huyu aliyeingia ndiye mwenye taarifa hii?

Si jambo dogo. Kujua fulani amelipwa kiasi gani na siku gani ni kumwonyesha mwizi pa kwenda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Chama au ofisi inayokusanya majina, simu na namba za NIDA ina wajibu wa kuzilinda, hata kama tovuti yake imetengenezwa na kijana wa kijijini kwa malipo madogo.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Orodha ya kikundi yenye namba za NIDA haipaswi kurushwa kwenye kundi la watu mia mbili ili mmoja athibitishe jina lake. Mpigie simu, msomee lake.

Kabla hujafungua faili

- Tazama mwisho wa jina. Karatasi huwa .pdf, orodha huwa .xlsx au .csv, picha huwa .jpg au .png. Ikiwa ni .apk, ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako. Usiifungue, hata kama imeitwa "Orodha ya waliopata mkopo".
- Tazama anwani ya tovuti. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Faili lililotumwa na mtu usiyemjua halina uhakika huo.
- PDF inaweza kubadilishwa na mjuzi. Risiti ya PDF peke yake si ushahidi wa mwisho wa malipo. Muuzaji akikuonyesha risiti, thibitisha kwa kontroo namba au kwa kuuliza ofisi iliyoitoa.
- Umepakua kwenye kompyuta ya steshenari? Ukishaprinti, lifute faili na utoke kwenye akaunti yako. Wanaokuja baada yako watalikuta.

Kwa vijana wanaotengeneza tovuti

Tunajua wapo huku kwetu, wengine wamejifunza vyuoni na wengine kwenye simu zao. Kwenye Flask amri ya kutuma faili ni send_file, kwenye Django ni FileResponse. Zote mbili zina sehemu ya kusema faili lipakuliwe na liitwe nani. Lipe jina linaloeleweka, lenye mwezi na mwaka. Tengeneza mafaili madogo kwenye kumbukumbu kwa kutumia BytesIO. Makubwa yapeleke kwenye foleni. Kagua haki kwa kila ombi. Usijenge njia ya faili kwa maneno aliyoandika mtumiaji, maana mjanja ataandika njia ya kumfikisha kwenye mafaili mengine ya seva. Na ukishamaliza, lijaribu kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao hafifu, mahali watu wako walipo. Likishuka hapo, litashuka popote.

Mkulima anayesubiri malipo yake hajali limeandikwa kwa lugha gani. Anachotaka ni jina lake, tani zake, na namba yake ya simu ikiwa na tarakimu zote kumi. Ukipakua orodha ya kikundi wiki hii, anza na hilo: zihesabu.